Kidole cha Samatar

Aabo,

Leo nimemsahau Samatar. Nimemsahau makusudi, mchana kweupe, mbele ya wazee watatu na karani mmoja, na ndiyo maana nimepita. Nimekaa hapa barazani nakuandikia kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kulia, na wewe hukupenda kuona mtu analia huku chai yake inaingia nzi.

Usinikatize. Nitakueleza yote. Lakini ujue kwamba nimekasirika, na fungu moja la hasira hii ni lako. Samahani, baba, lakini ni lako. Wewe ndiye uliyenifundisha vizuri mno.

Ni miezi minane sasa tangu tukuzike. Mama bado anafundisha darasa la nne pale pale, bado anarudi na vumbi la chaki kwenye buibui. Bakora yako iko nyuma ya mlango, na kila nikifagia inanigonga mguuni kana kwamba mimi ni mbuzi niliyetoka kwenye kundi. Shuka lako la sokoni Mama hajalifua. Anasema bado linanuka mbuzi. Huyu huyu Mama aliyekuwa akikufukuza chumbani kwa harufu hiyo! Siku hizi analikunja vizuri na kuliweka chini ya mto wake, na mimi najifanya sioni.

Susu, mama yake Mama, bado hajatusamehe. Alitoka Mwingi alfajiri, akafika Garissa saa tisa, na wewe ulishazikwa saa saba. "Mnamzika mtu kama mnamficha," alisema, akakaa uani akiwa amekipa kisogo chumba kizima cha dada zako. Mama akawa anakwenda huku na huku, anawaeleza hawa kwa Kikamba na wale kwa Kisomali, na hakupata nafasi ya kukulilia mpaka siku ya tatu.

Na mimi nimeitwa chuo cha uuguzi, Aabo. Unakumbuka kidonda chako cha mguu, ile sukari ilipokuzidi? Nilikuwa nakiosha kila asubuhi kabla ya shule, na wewe ukisema mkono wangu ni mwepesi, kwamba wengine wote wanakukwaruza kama wanaosha sufuria. Tangu hapo sijataka kazi nyingine. Barua ilikuja mwezi wa pili baada ya kufa kwako. Wanataka vyeti, wanataka picha, na wanataka kitambulisho. Mwisho wa mwezi huu wanafunga. Asiye na kitambulisho, nafasi yake anapewa mwingine.

Kitambulisho. Hebu sikia.

Unajua huku kwetu karibu na mpaka mtu haendi tu akapigwa picha akarudi nyumbani. Anakaa mbele ya kamati ya wazee, wamuulize yeye ni wa nani. Anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, anapanda hivyo hivyo, baba juu ya baba, mpaka wazee waridhike kwamba ana mizizi hapa. Abtirsi. Kila mtoto wa Kisomali anafundishwa. Lakini si kila mtoto aliyefundishwa kama nilivyofundishwa mimi.

Nilikuwa na miaka saba. Pale mtaa wa Iftin, binti mmoja wa jirani alinishika nywele mbele ya wenzake, akazivuta, hazikunyooka, akaniita jareer. Neno hilo ni la watu wenye nywele ngumu, na huku halisemwi kwa mapenzi. Nilikimbia mpaka soko la mifugo huku kamasi zinanitoka. Nilidhani utachukua bakora uende ukamtandike mtu. Wala! Ulinikalisha katikati ya magoti yako, ukafunika mikono yetu kwa lile shuka, kama mnavyofanya nyinyi madalali mnapopatana bei kwa kubonyezana vidole ili jirani asijue. Ukanishika gumba la kulia. Sahra, ukasema. Ukashika kidole cha shahada. Yusuf, huyo ni mimi. Cha kati, Abdullahi. Cha pete, Guled. Kidogo, Hirsi. Ukahamia mkono wa kushoto: gumba Warsame, shahada Samatar, na kuendelea. Vidole kumi, ukarudi tena mwanzo, vikawa ishirini, halafu magumba mawili kwa mara ya tatu. Majina ishirini na mawili.

"Nywele zitasema yao," uliniambia. "Wewe uwe na majina."

Kila Alhamisi baada ya shule tulirudia, chini ya shuka, wanunuzi wakidhani unauza kitu. Nikikosea unanibonya kucha. Binamu zangu hukuwabonya. Abdi, mtoto wa Adeer Dahir, hakuna aliyemkalisha hata siku moja, na ninyi ndugu wawili mlikuwa mkicheka tu akikwama. Mimi sikuchekewa. Nilidhani ni kwa kuwa unanipenda zaidi. Sasa najua ulikuwa na hofu. Ulikuwa unaniwekea akiba, kama mtu anavyoweka maji kabla ya kiangazi.

Basi sikiliza jinsi hayo maji yalivyonitosa.

Siku ya kwanza nilikwenda na Abdi. Yeye aliingia kabla yangu, mlango uko wazi, nasikia kila kitu. Abdi huyu amesoma Nairobi, Kisomali chake unakijua, kimejaa mashimo. Akataja jina lake, Dahir, Abdullahi, Guled, halafu kimya. Akakuna kichwa. "Aah, huyu mwingine, wazee, ameniruka." Wakacheka! Yule mzee mwenye ndevu za hina akamwambia, "Hirsi, mtoto, Hirsi," Abdi akasema ndiyo, huyo huyo, na alipokwama tena mbele kidogo wakamsukuma tena. "Huyu ni mtoto wetu." Dakika tano. Akatoka akinionyesha dole gumba.

Nikaingia. Nilikuwa nimevaa mtandio wangu wa kijani, nimeushusha mpaka kwenye nyusi nywele zisionekane. Lakini uso je, ningeufunika na nini? Nikatoa salamu kwa Kisomali. Wakanijibu kwa Kiswahili. Nikasema haja yangu kwa Kisomali. Wakaendelea na Kiswahili. Fikiria! Abdi, anayesema Kisomali kama mtu anayetembea na kiatu cha mwenzake, wamemsemesha Kisomali. Mimi, Kiswahili, polepole, kama wanavyomsemesha afisa aliyehamishwa kutoka bara.

"Mama wako ni nani?" Mwende, nikasema, aliyesilimu akaitwa Maryam, mwalimu. "Mkamba?" Mkamba. Wakaangaliana.

Wakaniambia nitaje. Nikataja. Wallahi, Aabo, ungejivuna. Sikupumua. Ishirini na mbili, mmoja baada ya mwingine, wala sikujikwaa. Nikamaliza, nikatabasamu, nikangoja wanisifu.

Mzee wa hina akafuta miwani yake.

"Hii msichana imefundishwa," akasema.

Nilitaka kucheka. Kwani kuna aliyezaliwa nayo? Lakini nikaelewa. Wapo watu wanaokuja na majina ya kuazima, wameyakariri kwa jirani au rafiki, na hao hawakosei hata moja, kwa sababu wanajua wakikosea wamekwisha. Mtoto wa nyumbani hana haja ya kuogopa, kwa hiyo anasahau. Ndiyo mizani yao hiyo. Aliyesahau ni wao. Anayekumbuka ana lake jambo. Na mimi nilikuwa nakumbuka kama kaseti.

Njoo na adeer wako, wakasema.

Nilitoka pale. Na unajua nilichokumbuka? Daraja. Ile safari ya mwaka jana, ulipokuwa mzima, nakwenda Mwingi kumwona Susu. Basi likasimamishwa kwenye kizuizi cha darajani, askari akapanda, akapita watu wote mpaka kwangu. "Wewe, shuka. Kitambulisho." Mimi peke yangu na mzee mmoja wa Liboi, kule mpakani. Nikamwambia sijachukua bado, ndiyo kwanza nimetimiza miaka kumi na minane, nakwenda kwa nyanya yangu Mwingi. Nikamwambia kwa Kikamba, kwa kuwa jina lake kifuani lilikuwa la Kikamba. Akanitazama juu chini. "Kikamba kizuri hivi umejifunzia wapi?" Kwa mama yangu, nikasema. Akacheka, ati Wasomali ni wajanja. Nilisimama juani mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Hebu niambie wewe uliyekuwa unajua kila mnyama kwa meno yake. Kwenye daraja mimi ni Msomali wa kutosha kushushwa. Ofisini mimi si Msomali wa kutosha kuandikwa. Kikamba changu kizuri mno, Kisomali changu kizuri mno, majina yangu yamenyooka mno. Ninge­kuwa mjinga kidogo ningekuwa na kwetu kuwili. Nimechoka, Aabo. Nimechoka kufanya mtihani ambao wenzangu wanaupita wakiwa wamelala.

Adeer Dahir alichukua wiki tatu kuja. Kesho inshallah, kesho inshallah. Mara ngamia wa mtu amepotea, mara meno yanamuuma. Jioni moja Mama, akisahihisha madaftari, akasema bila kuinua kichwa, "Akufukuzaye hakuambii toka." Nilimwona ameandika alama ileile mara mbili kwenye daftari la mtoto mmoja.

Lakini alikuja, tumpe haki yake. Alikuja na kanzu safi. Wakamwomba naye ataje, kwa utaratibu tu, akafika Warsame akakwama! Ndugu yako, Aabo, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu! Wakacheka, wakamsaidia, wakaulizana habari za malisho. Akasema huyu ni mtoto wa marehemu Yusuf. Wakageuka kwangu: haya, taja tena. Na mimi, kichwa kigumu kama wewe, nikataja. Ishirini na mbili. Nilifanya haraka zaidi kwa hasira. Mzee wa hina akasema tutalifikiria, urudi.

Nje, karibu na mahali tuktuk zinapogeuzia, Adeer alinishika bega. Nilidhani atanigombeza. "Sahra, wewe unawasomea," akasema. "Mtu hamsomi baba yake. Kosea kidogo, wakusaidie. Mzee akikusaidia, umekuwa wake." Nikamwambia Aabo alinibonya kucha miaka kumi na moja nisikosee. Adeer akatazama chini. Alisema anajua. Alisema nyote wawili mlikuwa mnajua kwa nini.

Nilifika nyumbani nikamwambia Mama, nikitegemea awake moto. Na aliwaka. "Nimefundisha watoto miaka ishirini na mitano wasikosee, leo nikwambie ukosee?" Akatoka uani. Nikasikia anamwaga maji, anasugua sufuria iliyokuwa safi. Aliporudi mikono ilikuwa imelowa bado. Akakaa kando yangu, akasema neno moja tu. Kosea.

Usiku mzima sikulia, nilikuwa natafuta nani nimsahau. Ndiyo mambo uliyoniachia hayo. Siwezi kumsahau Yusuf. Abdullahi nilimjua, alinipa tende. Guled ndiye aliyechechemea, Hirsi ameshasahauliwa na Abdi, Warsame ameshasahauliwa na Adeer, na nikimrudia huyo huyo watashuku. Nikafika kidole cha shahada cha kushoto.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikishika hicho? Kwa wengine ulibonya na kupita. Kwa Samatar ulikuwa unakaa. Nikakuuliza siku moja kwa nini, ukaangalia kwanza kama kuna anayesikia, ukaniinamia. "Huyu mama yake alikuwa mwanamke wa mtoni. Nywele zake zilikuwa kama zako." Nikakuuliza, jina lake nani huyo mama? Mbuzi wanalia, watu wanapatana, na wewe umenyamaza. "Hakuna aliyelishika," ukasema.

Nilimchagua Samatar kwa sababu niliona yeye ndiye angenisamehe.

Leo asubuhi nikaingia. Nikataja polepole, kama mtu asiye na haraka. Yusuf, Abdullahi, Guled, Hirsi, Warsame. Nikanyamaza. Nikakuna kichwa juu ya mtandio, kama Abdi. Chini ya meza kidole changu kilikuwa kimejikunja, kimejibonya chenyewe kwenye kiganja mpaka kikauma. Nikasema, "Huyu mwingine, wazee, ameniponyoka."

Na uso wa yule mzee ukafunguka. Wallahi ulifunguka. Akainama mbele, na kwa mara ya kwanza akanisemesha Kisomali. Samatar, mwanangu. Samatar. Taratibu, kwa upole, kama unavyomshika mtoto mkono avuke barabara. Nikamchukia kwa upole ule kuliko alivyoniudhi kwa ukali. Nikasema ndiyo, adeer, Samatar, asante. Wakacheka wote watatu. Akasema alikujua sokoni, kwamba ulikuwa mtu wa haki. Sasa ndiyo anakujua! Mara mbili zile nilizotaja jina lako, hakukujua?

Wakapiga muhuri.

Karani akanipa fomu. Na hapa nusura nizirai kwa kicheko kibaya. Nafasi ya jina, Aabo, ni ya majina matatu. Matatu! Sahra Yusuf Abdullahi, basi, mstari umekwisha. Guled hakuingia, Hirsi hakuingia. Miaka kumi na moja chini ya shuka, na serikali inataka vidole vitatu tu. Na mahali pa mama karani aliandika Maryam akataka kufunga. Nikamwambia ongeza Mwende. Akasema jina moja linatosha. Nikamwambia, mzee wangu, nimekuja hapa mara tatu, niongezee hilo Mwende. Akanitazama, akaongeza. Mwandiko mbaya, lakini lipo.

Halafu akanivuta mkono apake wino. Wanachukua vidole vyote kumi, kimoja kimoja, wanakiviringisha kwenye karatasi. Alianza na gumba la kulia. Nami mdomo ukaanza wenyewe, kimya kimya. Sahra. Shahada, Yusuf. Hukuniambia kwamba itakuwa hivi. Abdullahi, Guled, Hirsi. Karani ana jasho, anavuta kwa nguvu, hajui anamshika nani. Akahamia kushoto. Warsame. Akashika shahada, na hapo sauti ikanitoka. "Samatar!" Nilisema kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

Karani akauliza nimesemaje. Yule mzee wa hina akainua macho kutoka kwenye kikombe chake. Akatazama kidole changu, akanitazama mimi, akatazama kidole tena. Ni mtu wa soko yule, anajua lugha ya vidole. Nadhani alielewa. Nilidhani ataurudisha ule muhuri. Yeye akavuta chai yake, akageukia ukuta.

Basi hapo ndipo nilipo. Vidole vyangu ni vyeusi, nimesugua na sabuni na majivu, havitoki. Karatasi niliyopewa ya kungojea kadi iko kwenye Qurani yako. Kesho nakwenda nayo chuoni, wamesema itatosha kwa kuanzia. Ningefurahi, na labda nitafurahi wiki ijayo. Leo nimeudhika na wao, nimeudhika na wewe, na nimejiudhi mwenyewe, maana nilipotamka "ameniponyoka" nilisikia vizuri jinsi nilivyosema. Nilisema kama mtoto wa nyumbani.

Jambo moja limenikaa, na ndilo nataka uondoke nalo. Yule mwanamke wa mtoni alimzaa Samatar, akamlea, akamwosha kidonda labda, na nyinyi wote mliotoka kwake hamkushika jina lake. Sitaki siku moja mjukuu wa mjukuu wangu aminywe kidole chini ya shuka aambiwe, huyu mama yake alikuwa mwanamke wa Mwingi. Kwa hiyo nimemwita Mama sasa hivi, kabla sijamaliza barua. Nimemwomba majina ya kwao. Alishangaa, hakuna aliyewahi kumwuliza katika nyumba hii, na samahani, hata wewe. Mwende wa Mutua, wa Kilonzo, wa Musyoka. Hapo akakwama, akakuna kichwa, tukaangaliana, tukacheka mpaka jirani akachungulia. Yaliyobaki tutampigia Susu. Na mama zao pia nitauliza, na mama za hao. Vidole vya mikono vimejaa, nitatumia vya miguu.

Nakuahidi, Aabo. Watoto wangu nitawafundisha majina yako yote ishirini na mawili, na ya Mama yote tutakayoyapata, na nitawabonya kucha kama ulivyonibonya. Halafu, Mungu anisamehe, nitawafundisha na mahali pa kukwama.

Lala salama, baba. Kaburini kwako Adeer anasema wanawake hawaendi, kwa hiyo nimefunua lile shuka chini ya mto wa Mama, nimeingiza mkono, nimeushikilia huko kidogo. Kweli linanuka mbuzi.

Mimi wako,
Sahra Yusuf Abdullahi. Mstari umeishia hapo. Mengine unayajua.